Alikuwa Anasema "Maji"

Dada yangu ana simu ya zamani isiyopiga wala kupokea. Kioo kimepasuka, betri haikai, na ili iwake lazima iwe kwenye chaji. Haiuzi, haitupi. Ndani yake kuna video ya sekunde 40: mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi mitatu amekaa kwenye jamvi uani kwao, Tandika, Dar es Salaam, ananyoosha kidole kwenye ndoo na kusema, "Maji." Kisha anamgeukia mama yake kuona kama amesikia. Anarudia kwa sauti zaidi, kama mteja aliyecheleweshewa chai: "Maji!"

Miezi mitano baadaye neno lile halikuwapo. Wala "baba", wala "taa", wala ule mkono wa kwaheri aliokuwa akiwapungia hata makonda wa daladala. Halikuondoka siku moja. Wiki moja tulilisikia mara mbili, wiki iliyofuata mara moja, kisha tukaanza kuulizana nani alilisikia mara ya mwisho. Kidole nacho kikaacha kuonyesha. Lakini kilichomtoa dada machozi ni jambo jingine: alimwita mwanawe jina, mara tatu, kwa umbali wa hatua mbili, na mtoto hakugeuka.

Kila mmoja alikuja na maelezo yake. Bibi wa upande wa baba, mzaliwa wa Pangani, alisema ni jicho la hasidi, na mtoto akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Jirani alisema amezoea katuni. Mjomba mtu, yaani mimi, nilisema atakaa sawa, maneno ambayo leo ningelipa kuyarudisha. Na kliniki, muuguzi aliyekuwa na foleni ya akina mama hadi barabarani alisema bila kuinua uso: "Watoto wa kiume huchelewa kusema, mama. Vuta subira."

Sikumlaumu sana, kwa kuwa hata sisi hatukuwa tumejua kulisema jambo lenyewe. Dada alisema "hasemi". Alipaswa kusema "ameacha kusema". Kuchelewa na kupoteza ni mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Aliyechelewa kufika stendi si sawa na aliyefika, akapanda basi, kisha akashushwa njiani. Wa kwanza huenda kweli anahitaji subira, pamoja na uchunguzi. Wa pili anahitaji daktari, na anamhitaji upesi, awe na mwaka mmoja na nusu au miaka tisa.

Jambo hili halikuanza na simu wala katuni. Mwaka 1908, mjini Vienna, mwalimu aitwaye Theodor Heller aliandika kuhusu watoto sita waliokua vizuri hadi miaka mitatu au minne, kisha ndani ya miezi wakapoteza usemi na karibu kila walichojua. Ilikuwa miaka 35 kabla ya Leo Kanner, daktari wa Baltimore, kuchapisha makala yake ya 1943 kuhusu watoto 11, makala iliyolipa neno usonji (autism kwa Kiingereza) maana tunayoijua leo. Kanner aliamini watoto wake walizaliwa hivyo. Kwa muda mrefu wazazi waliosema "hapana, daktari, wangu alikuwa anasema" walionekana ni watu wa huzuni wanaojitungia kumbukumbu.

Kamera za nyumbani ndizo zilizowatetea. Mwaka 2005, Emily Werner na Geraldine Dawson, watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuangalia video za sikukuu ya kuzaliwa, ya kwanza na ya pili, za watoto ambao wazazi wao walidai wamerudi nyuma. Kwenye keki ya kwanza watoto hao walibwabwaja na kutamka maneno hata kuliko wenzao wasio na usonji. Kwenye keki ya pili maneno yalikuwa yamepungua, na macho yameacha kutafuta watu. Wazazi hawakuwa wameota. Tafiti zilizojumuisha maelfu ya watoto zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya watatu wenye usonji hupitia kurudi nyuma kwa namna hii, kwa wastani kabla kidogo ya kutimiza miaka miwili. Mara nyingi si ajali ya usiku mmoja. Ni mteremko wa wiki hata miezi, ambao mzazi huutambua siku moja tu, na siku hiyo ndiyo hubaki kichwani kama siku ya msiba.

Na hapo ndipo kalenda inapotuchezea. Kwetu Tanzania, kama ilivyo Kenya, dozi ya kwanza ya chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Miezi 18 ni katikati kabisa ya kipindi ambacho maneno ya watoto hawa hupotea. Mama anayetafuta "kabla" na "baada" atafungua kadi ya kliniki, na atakuta muhuri. Dada aliukuta. Alikaa nao mwezi mzima bila kumwambia mtu.

Hofu hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1998 daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, alichapisha katika jarida la Lancet makala ya watoto 12 iliyodokeza uhusiano wa chanjo na usonji. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Wadenmark walikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, na waliochanjwa hawakupata usonji zaidi kuliko wasiochanjwa. Lakini uvumi una miguu. Ulifika kwa jirani zetu Wasomali waliohamia jimbo la Minnesota, Marekani, wengi wakaacha kuwachanja watoto, na mwaka 2017 surua ikawapata watu zaidi ya 70 katika jimbo hilo, sehemu kubwa wakiwa watoto wa jumuiya hiyohiyo. Surua yenyewe inaweza kuvimbisha ubongo. Mtu anakimbia kivuli, anaangukia kisimani.

Sababu moja ya kurudi nyuma haijapatikana. Jeni zina sehemu kubwa, na ubongo wa mtoto wa umri ule uko katika kazi ya kujenga na kubomoa mitandao yake kwa kasi isiyorudi tena maishani. Ninachotaka mzazi akijue ni kwamba si kila mtoto anayepoteza maneno ana usonji peke yake, na baadhi ya sababu nyingine zina dawa.

Masikio ni ya kwanza. Mtoto aliyejaa maji au usaha nyuma ya ngoma ya sikio ataacha kuitika jina, na kipimo cha kusikia si cha gharama kubwa. Kisha kifafa. Mwaka 1957 William Landau na Frank Kleffner walieleza hali inayompata mtoto aliyekwisha kusema vizuri, mara nyingi kati ya miaka mitatu na saba: anaanza kutoelewa maneno, kama kiziwi, kumbe sikio ni zima na ubongo ndio unaochafuliwa na umeme wa kifafa, hasa akiwa usingizini. Anaweza asianguke hata mara moja. Kipimo cha umeme wa ubongo kikichukuliwa mchana akiwa macho, huenda kisionyeshe lolote. Cha akiwa amelala ndicho hufichua. Kwa msichana mdogo anayeacha kushika vitu na kuanza kusugua mikono kama anayefua, daktari atafikiria hali iliyoelezwa na Andreas Rett wa Vienna mwaka 1966, ambayo jeni yake ilijulikana mwaka 1999.

Na kuna malaria, ambayo vitabu vya Ulaya huipita haraka. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wamewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliopona malaria ya ubongo, na baadhi walibaki na kifafa au lugha iliyoharibika. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti ya watoto 20 wenye usonji hapa Tanzania, na kwa baadhi yao dalili zilianza baada ya malaria kali. Kwa hiyo bibi anayesema "tangu lile degedege hakuwa yeye" asikatizwe. Huenda anatoa historia ya ugonjwa bora kuliko iliyoandikwa kwenye faili.

Mpwa wangu alipimwa masikio, akapimwa umeme wa ubongo, na akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa tukaambiwa: usonji. Nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Kumbe neno lile lilikuja na mtego wake.

Akiwa na miaka saba, mtoto aliyekuwa amejifunza kuvaa viatu, kuomba chakula kwa kadi za picha na kulala saa nane mfululizo, alibadilika ndani ya wiki mbili. Akaanza kujipiga makofi shavuni, upande wa kushoto. Akakataa ugali, akakataa ndizi, akabaki na uji uliopoa. Kadi za picha akazitupa. Usiku alitembea chumbani akilia kwa sauti moja nyembamba kama birika. Shule ikatuma ujumbe kwamba "tabia zake za usonji zimeongezeka". Katika hospitali moja tuliandikiwa dawa ya kumtuliza, naye akatulia kweli: alilala mchana kutwa, akaamka na kuendelea kujipiga. Dada alisema, "Kaka, naona anarudi kulekule." Nami sikuwa na la kumjibu.

Aliyeligundua ni binti wa kazi, msichana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyemwuliza. "Dada," alisema wakati akiosha vyombo, "mbona siku hizi hata biskuti anaitafunia upande mmoja?"

Lilikuwa gego. Limeoza hadi kwenye mzizi, chini yake usaha. Daktari wa meno aliling'oa, ilibidi mtoto alazwe usingizi kwanza, na siku ya nne mpwa wangu aliamka, akachukua kadi ya ugali, akaiweka mbele ya mama yake. Shule haikutuma ujumbe kwamba usonji umepungua.

Tangu hapo nina hasira na sentensi moja: "Ndivyo walivyo." Kabla mtoto hajapata jina la hali yake, kila kitu ni jicho la hasidi. Akishalipata, kila kitu ni usonji. Katika hali zote mbili hakuna anayefungua kinywa chake kutazama. Lebo ikishabandikwa juu ya chupa, watu huacha kuangalia kilichomo. Usonji hauji Jumanne jioni. Mtoto akibadilika ghafla, kuna kitu kimetokea, na kama hana maneno ya kukisema, atakisema kwa kichwa chake ukutani.

Mara nyingi ni maumivu. Jino, sikio, kiungulia, na mfalme wao wote, kufunga choo, ambako watoto wanaochagua sana chakula hukupata kwa urahisi. Mtoto anayelalia tumbo pembeni ya kiti, anayeuma mkono wake kila baada ya kula, aliyeanza ghafla kuchafua nguo ilhali alikwisha kujua choo, ashikwe tumbo kabla ya kushikwa tabia. Katika majarida ya tiba ya Marekani na Ulaya zimeripotiwa, tena si mara moja, kesi za watoto wenye usonji walioacha kutembea. Walipigwa picha za mifupa, wengine wakatobolewa uboho kutafutwa saratani ya damu, na mwisho ikawa kiseyeye, ule ugonjwa wa mabaharia wa zamani, kwa sababu mtoto alikuwa hali chochote ila aina mbili au tatu za vyakula vikavu. Tiba ni vitamini C. Machungwa ya Muheza yanauzwa kwenye kila kituo cha daladala, lakini kwa mtoto ambaye mwaka wa pili huu anakula chipsi na biskuti tu, chungwa liko mbali kama mwezi, na mtaalamu wa lishe anapaswa kujua hivyo bila kumgombeza mama.

Kifafa nacho hurudi mlangoni mara mbili: katika miaka ya mwanzo, na tena wakati wa kubalehe. Si lazima aanguke na kutoa povu. Huenda akaganda sekunde chache, macho yameenda, kijiko kiko hewani, kisha akaendelea. Hali hiyo ikitokea mara nyingi kwa siku, masomo yanavuja bila mtu kujua. Hapa simu ina faida kuliko maelezo: rekodi tukio, mwonyeshe daktari. Mganga wa zahanati asiyejua lolote la usonji anaweza kuijua degedege akiiona.

Yapo pia mambo yasiyo ya mwilini, na huwa tunayadharau kwa kuwa kwetu ni madogo. Binti wa kazi aliyemlea mtoto miaka miwili anaondoka alfajiri na begi lake, bila kuagwa, na jioni mtoto ameacha kula. Ramadhani inahamisha chakula na usingizi wa nyumba nzima. Mgao wa umeme unazima feni ambayo mngurumo wake ndio uliokuwa usingizi wenyewe. Kenya ilifunga shule Machi 2020, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Mtoto ambaye saa yake ni sare ya shule alivuliwa saa hiyo kwa miezi tisa. Usimwambie huyo kwamba amekuwa mtundu.

Kuna jambo moja ambalo sipendi kuliandika. Mtoto asiyeweza kusimulia ni windo jepesi. Akianza ghafla kuogopa mtu fulani, gari fulani la shule, kuvuliwa nguo au chumba alichokuwa akikipenda, mzazi asianze na "usonji umepanda". Aanze na kuutazama mwili wake kwa upole, kisha aulize maswali ambayo watu wazima wa karibu hawatayafurahia.

Kwa vijana, sura hubadilika tena. Mwaka 2000 Lorna Wing, daktari wa akili wa Uingereza ambaye mwenyewe alikuwa mama wa binti mwenye usonji, pamoja na mwenzake Amitta Shah, walieleza vijana na watu wazima waliokuwa wakiganda: anasimama mlangoni hawezi kuvuka kizingiti, kijiko kinafika nusu ya safari, jibu la swali linakuja baada ya dakika. Kati ya wale wa miaka 15 na zaidi waliofika kliniki yao, asilimia 17 walikuwa na hali hiyo. Nyumbani huitwa uvivu au kiburi. Ina jina, katatonia, na ina matibabu, na ikiachwa inaweza kumfanya mtu ashindwe hata kumeza.

Na kuna kuchoka. Watu wazima wenye usonji wanaoweza kujieleza wamewasimulia watafiti jinsi miaka ya kujilazimisha kufanana na wengine ilivyowafikisha mahali ambapo hata kupika, hata kusema, kulikatika kwa muda. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria mpwa wangu na ratiba tuliyomwekea alipoanza kurudi nyuma mara ya kwanza: mazoezi asubuhi, mazoezi mchana, shangazi na kadi za herufi jioni. Tulidhani tunavuta kamba kumtoa kisimani. Huenda tulikuwa tunaikaza shingoni.

Haya yote ni rahisi kuyaandika Jumamosi nikiwa na kikombe cha kahawa. Nchi yetu ina madaktari wachache wa ubongo wa watoto, wengi wao wako Dar es Salaam, na wataalamu wa tiba ya usemi ni wa kutafutwa kwa tochi. Mama wa Namtumbo au Kakonko, wilaya za pembezoni, ataambiwa aende Hospitali ya Muhimbili jijini humo kana kwamba Muhimbili iko ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo silaha aliyonayo kila mzazi, popote alipo, ni ile anayodhani haina thamani: anamjua mwanawe alivyokuwa wiki iliyopita. Daktari hajui. Mwalimu anajua nusu. Akiingia na kusema "anasumbua", atapewa dawa ya usumbufu. Akiingia na kusema "hadi tarehe 3 alikuwa anajivalisha, tarehe 10 aliacha, tarehe 12 akaanza kushika sikio, choo hajaenda siku nne", mazungumzo ni mengine kabisa.

Dada sasa ana daftari, lile la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Aliahidi kuliandika mwezi mmoja tu baada ya gego. Hili ni la tano. Mwandiko ni wa mtu aliyechoka, na mengi ndani yake hayana maana kwa mtu mwingine: nani alikuja, alikula nini, alilala saa ngapi, umeme ulikatika lini. Mpwa wangu ana miaka 11. Neno "maji" halijarudi. Anagonga kikombe mara mbili juu ya meza, na ukichelewa anagonga mara ya tatu kwa kishindo kilekile cha mteja aliyecheleweshewa chai.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao. Alikuwa sakafuni akipanga vifuniko vya soda, mara akasimama, akabana kiganja kwenye sikio la kulia, akakitoa, akakirudisha. Nikaanza kusema kwamba labda ni muziki wa jirani. Dada hakunijibu. Alikwisha kuwasha tochi ya simu na kupiga magoti.